Kijani cha Lori la Sila

Zamani nchi hii ilikuwa na rangi moja tu ya kijani, na hiyo moja haikuwepo madukani. Kisha biashara ikafunguliwa, malori yakaanza kushusha mizigo Makambako usiku na mchana, na mimi Somoe, au Mama Nasiri kama wateja wanavyoniita, nikajikuta dukani nina kijani cha chupa, kijani cha majani ya chai, kijani cha ndizi mbichi na kingine ambacho hata aliyeniuzia hakujua kinaitwaje. Nikajiona nimefika. Kumbe nilikuwa nimejitafutia Kornelio.

Kornelio ni seremala, Mkinga wa Makete, na kabla ya useremala alikuwa dereva wa jeshi katika vita vya Uganda. Alikuja dukani na lori la jeshi alilolichonga kwa mbao ya paina, urefu wake kama mkono wangu kuanzia kiwiko. Nisiwe mwongo, lilikuwa zuri. Magurudumu yanazunguka, turubai la gunia limekazwa kwa uzi, hata ndoano ya kuvutia gari lililokwama ipo. Kilichobaki ni rangi.

"Nataka kijani chenyewe, Mama Nasiri," akasema. "Si kinachofanana. Chenyewe."

Halikuwa la kuchezea. Kifanya, upande wa Njombe, kuna mama mmoja anaitwa Telesia. Mwanawe Sila na Kornelio waliendesha lori moja vitani, wakipokezana usukani. Sila alifia huko na kuzikwa huko. Miaka yote mama alitaka amjengee kaburi nyumbani, lakini saruji ilikuwa ya kibali, na kibali kilikuwa cha wenye majina. Sasa saruji nauza hata mimi. Kaburi likachimbwa, katekista akapanga kuja Jumamosi, ndipo mama akauliza: humo ndani tunaweka nini? Nguo za Sila hazikurudi. Picha hana. "Nileteeni lori lake," akasema. Alikuwa ameliona mara moja tu, siku Sila anapita kwenda vitani, na baada ya hapo hakuona tena chochote cha mwanawe.

Basi Kornelio akawa kama kuku anayetaka kutaga. Anaingia, anachungulia makopo, anatoka, anarudi. Anapaka kibao, anakipeleka juani, anakirudisha kivulini, anatikisa kichwa. Wateja wa misumari wamepanga foleni, yeye ameshika kifuniko cha kopo ananiuliza kama sioni unjano ndani yake. Mimi nilikuwa naona hasira tu.

"Fundi, kitu chenyewe kinakwenda chini ya udongo," nikamwambia. "Mchwa hawachagui rangi."

"Mama atalitazama kabla ya mchwa."

Nikamfungulia kopo jingine.

Mume wangu Halfan ni msafirishaji, na wakati ule alikuwa amenunua mnadani lori kuukuu lililowahi kuwa la jeshi. Lilishapakwa buluu lote. Kornelio akaomba ruhusa, akang'oa kiti cha dereva, akakwangua chini yake, mahali ambapo hapajawahi kufika jua wala brashi ya pili. Akatoka na ganda la rangi dogo kama ukucha. Tulichanganya mchana kutwa, kijani cha chupa, nyeusi kidogo, kahawia kidogo, mpaka ukiliweka ganda lile juu ya kibao hulioni tena. Hapo hata mimi nilipiga makofi. Nikalala nikijua nimeachana naye.

Jumatano alilipeleka Kifanya. Alhamisi nilimkuta mlangoni kabla sijafungua duka, lori kwapani, uso umemshuka.

"Amelikataa."

"Kasemaje?"

"Kasema hili si la mwanangu. La mwanangu halikuwa jeusi hivi." Akakaa juu ya mfuko wa saruji bila kukaribishwa. "Lori lile nimeliendesha mwenyewe, Mama Nasiri. Nimelala chini yake. Kama rangi yake siikumbuki, basi cha Sila ninachokikumbuka ni kipi?"

Nilitaka kumtania, nikaona macho yake, nikaacha. Kusema kweli nami nilikosa raha. Siku ile nilimpimia mtu kilo ya misumari mara mbili, na usiku nikawa nageuka tu kitandani, nikichanganya rangi kichwani. Ijumaa asubuhi nikampa Halfan funguo za duka, nikajaza makopo kwenye kikapu, tukapanda gari la Songea.

Mama Telesia alitupokea uani. "Kamwene," akatusalimu Kibena, nami nikamjibu shikamoo, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Hata maji sikuyasubiri.

"Mama, hili lori uliliona ukiwa wapi?"

Kornelio akanigeukia. Yeye alikuwa ameuliza rangi tu, wala hakufikiria kuuliza mahali.

Mama akachukua jembe lake akalifanya fimbo, akatuongoza nyuma ya nyumba, tukapanda hadi shamba la mahindi mgongoni mwa kilima. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. "Nilikuwa hapa, napanda," akasema. "Lilipita kule."

Kule kulikuwa ng'ambo ya bonde. Barabara ilikata kilima cha pili, ikashuka kwenye daraja. Lori moja lililopakia mbao lilikuwa linapanda polepole, dogo kama kibiriti. Huwezi kusema ni jekundu au la kijani. Ukungu wa bondeni ulikuwa umelifua rangi yote, likabaki na weupe-weupe wenye buluu ndani yake.

Kornelio akasogea ubavuni mwa mama.

"Usukani nilikuwa nao mimi siku ile, mama. Sila aliniomba tusimame. Msafara ulikuwa na amri, hakuna kusimama. Akainama kwangu akabonyeza honi, kutoka kona ile mpaka darajani."

"Niliisikia. Nikapunga jembe."

"Aliliona, mama. Alilionyesha kwa kidole. Akasema, yule mama yangu."

Mama hakulia. Alishika mpini wa jembe kwa mikono miwili na kutazama barabara mpaka lori lile la ng'ambo likapotea. Mimi ndiye niliyelia, mbele za watu, na kikapu changu cha makopo.

Kornelio akapiga magoti kwenye tuta. Akamimina nyeupe ndani ya kile kijani chetu cha chini ya kiti, akadondoshea buluu, akapaka ubavu mmoja, akaliinua lori kuielekea barabara, jicho moja amelifumba.

"Bado," mama akasema.

Akaongeza nyeupe.

"Bado."

Akaongeza tena.

"Hapo. Acha."

Mimi ni mwuza rangi, nami nakuambia hakuna jeshi duniani lenye rangi ile. Alilipaka lori zima pale pale shambani, na kila alipopaka mama aliitikia kwa kichwa.

Nilidhani tutaliweka sasa karibu na kaburi likauke, lisubiri katekista. Mama alilichukua rangi ikiwa bado mbichi, akaliegemeza kifuani, kitenge kikachafuka, akashuka nalo moja kwa moja hadi ndani. Akaliweka mezani, na kiti cha upande wa dirisha akazuia mtu asikikalie. Akapakua viazi na maharage, sahani nne.

"Siku ile halikusimama," akasema. "Tutazika kesho. Leo alale nyumbani."

Tulikula. Nilipogeuka kumwomba Kornelio chumvi, nilimkuta amelala pale pale alipokaa, kijiko mkononi.