Pete katika Kikapu cha Fidia

Pete ilimjia Perrenelle mkononi katikati ya vikuku vilivyovunjika, naye akaijua kabla hajaitazama. Kidole chake kiligusa mshono, pale alipoikata zamani na kuibana imtoshe binti yake.

Kikapu kilikuwa cha fidia. Mfalme wa Ufaransa alikuwa ametekwa na Waingereza, na watu wa mji wa Troyes walitoa dhahabu zao zipigwe faranga za kumkomboa. Wanawake wa karakana ya sarafu kazi yao ilikuwa kukata: asubuhi mapambo, yaenee kwenye chungu cha kuyeyushia, mchana vipande vya duara, mpaka vilingane na jiwe la mizani. Perrenelle alirithi mkasi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi. Ungemfikia binti yake Ameline, lau tauni isingemchukua ana miaka tisa. Walimzika na pete hiyo kidoleni.

"Mbona umeganda, mama?" akauliza Thevenin, mzee wa tanuri. "Umeona mchumba humo?"

Wenzake wakacheka. Perrenelle akamsogelea, akamweleza polepole. Thevenin akaacha mzaha. Alimwambia kwamba msimamizi ni mtu wa haki. Akila kiapo mbele yake, pete atarudishiwa.

"Ila atataka kuhakikisha," akasema. "Watafukua, dada. Watamtazama vidole."

Perrenelle akamwona Ameline ametolewa juani, watu wamemwinamia. Na je, wakikuta mkono haupo, mwizi wa pete ameukata?

Akarudi kwenye kigoda chake. Akaikata pete mara mbili. Ililia kidogo tu, kama ukucha wa mtoto unapokatwa.

Mchana vipande vikaletwa. Akapima, akakata, akapima. Kimoja kikamkatalia. Kilikuwa kizito kuliko jiwe, kwa kiasi kidogo mno. Akapunguza ukingo, bado kizito. Akapunguza tena.

Jirani yake, Oudine, akakichukua, akakiweka kwenye mizani yake mwenyewe. Kikapanda juu mara moja.

"Umekipunguza mno, Perrenelle. Kirudishe chunguni kabla msimamizi hajapita."

Perrenelle akakipokea. Kilikuwa kimetoka motoni zamani, vyenzake vyote vimeshapoa. Hiki kilikuwa na joto, joto la kiganja cha mtoto kilichoshikwa njia nzima kutoka kisimani.

Akakirudisha kwenye mizani yake. Sahani ikashuka taratibu, ikagusa meza, ikatulia.

Akaweka mkasi chini, akamngoja msimamizi.