Heshima ya Mkwe katika Bonde la Kasogwe

Mpanda nzima, kuanzia Shanwe hadi stesheni ya reli, hakuna kijana aliyelijua Bonde la Kasogwe kunishinda mimi. Nilijua linapoanzia na linapoishia. Nilijua ua lipi linachanua asubuhi na lipi linangoja jua likolee. Nililisimulia vizuri kiasi kwamba hata watu waliowahi kufika huko walinyamaza wakanisikiliza.

Tatizo lilikuwa dogo tu: miguu yangu ndiyo ilikuwa haijapata habari.

Ilikuwa mwaka tisini na sita, mvua za kwanza zimeshanyesha, na kigango chetu kinamngoja askofu aje kutoa kipaimara. Akina mama walikaa kikao wakakubaliana kwamba safari hii maua ya plastiki yasionekane altareni. Yalikuwa yamekula vumbi mpaka ukiyapangusa yanaonekana mapya, halafu unasikitika maana rangi imetoka na kitambaa. Yatafutwe maua ya kweli, wakasema, yale ya milimani. Mkubwa wa kamati alikuwa Mama Theopista, ambaye mimi, kwa adabu zetu za Kisukuma, sitakiwi hata kumtaja jina, kwa sababu nilikuwa nataka kumuoa binti yake, Scola. (Mnisamehe. Kuandika si kutaja.)

Baba yake Scola alikuwa amekubali. Wajomba wamekubali. Mama peke yake ndiye alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, na katika nyumba ile, mama asiposema ndiyo, hakuna harusi. Scola akaona amsaidie mpenzi wake.

"Mama, Mabula anaijua Kasogwe. Ameshafika mara nyingi."

Nilipopata habari nikamfuata kisimani. "Scola, umeniuza."

"Kwani si ulisema umefika?"

"Kusema nilisema."

"Basi si utuonyeshe?"

Sasa, kwa asiyejua: kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Huli naye, humpi mkono, na mkikutana njiani wewe kijana unaingia porini mpaka apite. Ni adabu nzuri sana mkiwa mnaishi mitaa tofauti. Ila aliyeitunga hakuwahi kuambiwa amwongoze mkwe wake kupanda mlima.

Tulidandia lori lililokuwa linakwenda Ikola kufuata dagaa. Scola na mama yake walikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia matupu, nanuka ziwa kabla sijaliona. Dereva akatushusha chini ya milima, akasema jioni atatupitia akirudi na mzigo. Nikatangulia, mbali kidogo kwa ajili ya adabu. Scola akawa katikati, anapokea na kupeleka maneno kama posta.

"Scola, mwambie mama aangalie hilo jiwe, linateleza."

"Mama, anasema jiwe linateleza."

"Mwambie mawe nimeanza kuyakanyaga yeye hajazaliwa."

Tukaenda vizuri mpaka njia ilipogawanyika. Kushoto njia, kulia njia, zote nyembamba, zote zinapanda. Jasho likanitoka. Nyuma yangu nasikia ndala za mkwe zinakuja, pa, pa, pa. Ndipo akili ya kidato cha nne ikafanya kazi kwa mara ya kwanza tangu mtihani wa taifa: nikaruka kichakani.

"Mabula! Unafanya nini?"

"Nampisha mama. Haifai atazame mgongo wangu safari nzima."

Mama hakusimama hata kidogo. Akatazama chini, akaona kinyesi kibichi cha ng'ombe upande wa kulia, akashika njia hiyo hiyo, maana ng'ombe hapandi mlima kwenda kutembea tu, anafuata majani. Akipita karibu na kichaka changu nikamsikia anamwambia Scola kwa sauti ya chini, "Kijana ana heshima huyu."

Lo! Basi kuanzia hapo kila njia ilipogawanyika, heshima ilinipanda. Nilijitupa kwenye miiba. Nilijitupa kwenye upupu, nikajikuna mpaka nikasahau nimeposa. Wakishapita wamechagua njia, mimi nazunguka kwenye nyasi mbio mbio, natokea mbele yao napiga mluzi kama mwenye mlima. Tangu siku ile nimewaona wakubwa wengi wakiongoza kwa mtindo huu, watu wanahangaika kutafuta njia, wao wanatokea mbele kupokea makofi. Sijawahi kuwalaumu. Kazi yenyewe ni ngumu, hasa upupu.

Jua lilipokuwa utosini tukatokea juu ya bonde.

Mimi ni mtu wa maneno, lakini hapo yaliniisha. Chini yetu hapakuwa na majani, palikuwa na maua. Ya njano yametandazwa kama mpunga unaoanikwa Majimoto, ya zambarau yamefuata mkondo wa maji, na katikati mengine mekundu ya mviringo, kila moja limesimama peke yake kwenye shina lake, kama mpira wa matambara uliowashwa moto. Nyuki walikuwa wengi hata ungedhani bonde lenyewe linaguna.

"Scola, muulize," mkwe akasema, "ndiyo Kasogwe yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe," nikajibu, mdomo wazi kama mtu aliyeshuka treni leo.

Tukaanza kuchuma. Nikataka Scola aone bidii, nikaingia penye yale mekundu. Moja kubwa lilikuwa limeota mdomoni mwa shimo. Nikalishika shina, nikavuta.

Shimo lilikuwa na mwenyewe. Ngiri alitoka kama risasi, mkia juu, akaguna mara moja. Ninachokumbuka ni kwamba nilitafuta mti, na bonde lile halina miti. Kitu pekee kilichosimama karibu, kipana, cha kutegemewa, kilikuwa mkwe wangu, ameinama anachuma.

"Mayu! Mayu wane, nakufa!"

Hivyo ndivyo Msukuma anavyomwita mama yake mzazi. Mikono ikamkaba shingo, magoti yakambana mbavu, na yeye, kwa mshtuko, akatoka mbio na mimi mgongoni mpaka kwenye mwinuko, wala hakuangusha ua hata moja. Scola alikuwa amekaa chini kwenye maua ya njano, anacheka hata sauti haitoki.

Nikashuka. Mama akafunga kanga yake upya, taratibu, anatazama upande wa ziwa.

"Scola."

"Abee, mama."

"Umeona kitu?"

"Sijaona kitu, mama."

"Hata mimi sijaona."

Nikamshukuru Mungu. Jioni maua yetu yakapanda lori, yakawekwa juu ya magunia ya dagaa, na Jumapili altare ilipendeza ajabu ila ilinuka Ikola. Askofu alipiga chafya katikati ya mahubiri, watu wakaitikia amina.

Baada ya misa tukakaa uani kula. Wapishi walikuwa nyuma ya vitenge vilivyotundikwa kwenye kamba, sisi wanaume huku kwenye mabenchi. Katekista Polycarpe, mtu wa maneno, akaniita.

"Ehe, msomi! Tupe habari za huko."

Ningeweza kusema pazuri, nikaendelea na wali wangu. Lakini watu wote walikuwa wamegeuka.

"Katekista, Kasogwe si ya watoto. Tulikutana na nyati."

"Nyati!"

"Dume. Mama wa watu akapiga kelele, akataka kunirukia. Nikamwambia, mama, tulia, mimi mkweo, adabu kwanza. Nikamsimamia yule mnyama na fimbo mpaka akaondoka mwenyewe. Na mkwe usoni sijamtazama hata mara moja."

Wakapiga makofi. Nyuma ya vitenge, upawa ukaacha kugonga sufuria.

"Scola!"

"Abee, mama."

"Muulize huyo anayesimulia. Aliyekuwa mgongoni kwangu analia mayu wane sikioni alikuwa nani? Maana mbavu zangu zina alama za magoti yake mpaka leo."

Polycarpe akarudisha tonge kwenye sahani. "Mabula. Ulibebwa na mkwe?"

Nikamtafuta Scola aniokoe. Kanga ilikuwa mdomoni, mabega yanacheza.

"Tena mwambie aje ale huku, aache kujificha," sauti ikaendelea. "Mtu nimeshambeba mgongoni, nitamnyima binti? Lakini kwanza awaambie watu kwamba alikuwa ngiri. Tena mdogo, na alikimbilia upande mwingine."