Damu ya Bi Mwamini

Umulisa alikuwa na mimba ya nne, na hakuna aliyempa hongera.

Watu wa Biryogo, mtaa wa Waswahili jijini Kigali, walipomwona akienda sokoni na tumbo la miezi mitano, walimsalimu kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita penye msiba. Mtoto wake wa kwanza, Zaina, alikuwa na miaka sita, mzima na mtundu, hakuna ukuta asioupanda. Wa pili alizaliwa akilia vizuri tu, lakini kabla jua halijazama macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, na siku ya nne akazikwa. Wa tatu alitoka tumboni amevimba mwili mzima, hana uhai. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa 1990, wiki chache baada ya vita kuanza kaskazini. Sasa ulikuwa mwaka 1992.

Nyumbani kwao sababu ilijulikana. Bi Mwamini, mama mkwe wake, aliitaja bila kumung'unya maneno.

"Ni Gahongayire. Alinifanyia mimi, sasa anamfanyia mke wa mwanangu."

Gahongayire alikuwa mke mwenza wake zamani. Bi Mwamini alimzaa Ilyasi, kisha akazaa wengine watatu, na hakuna hata mmoja aliyefikisha wiki. Miaka hiyohiyo Gahongayire, aliyeolewa nyuma yake, alizaa wanne na wote wakakua. Maneno kwamba anawapa sumu watoto wa mwenzake yakaanza, yakazidi, mpaka mume akamwandikia Gahongayire talaka. Mume mwenyewe alishafariki siku nyingi. Gahongayire aliishi mitaa miwili kutoka kwao, akikaanga maandazi kando ya barabara ya Nyamirambo. Zaina alipozaliwa, alileta uji wa mtama kumpongeza mzazi, na Umulisa akaunywa. Watoto walianza kufa baada ya hapo, na uji ule ukawa ushahidi.

Umulisa naye aliamini. Wiki moja baada ya kumpoteza wa tatu, alikwenda akasimama mbele ya karai la maandazi, akamwita Gahongayire mchawi, wateja wote wakisikia. Yule mama alizima jiko, akaingia ndani, akafunga mlango.

Safari hii Ilyasi alimpeleka mkewe kliniki mapema. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na mkunga alipouliza habari za uzazi uliopita alizieleza kwa ufupi: mmoja manjano, mmoja kuvimba. Mkunga aliacha kuandika. Akawatuma hospitali kubwa, kwenye maabara, kwa mtu aliyeitwa Silvère.

Silvère alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, koti lake jeupe lina madoa ya dawa mifukoni. Alikulia Bujumbura, na akipata mtu wa Biryogo alifurahi kusema Kiswahili. Aliwatoa damu wote wawili, akawaambia warudi baada ya siku tatu. Waliporudi aliwakalisha.

"Mama Zaina, damu yako iko ya watu wachache sana hapa kwetu," alisema. "Watu wengi, zile chembe nyekundu za damu yao ziko na alama juu yake. Inaitwa rezusi. Bwana yako iko nayo. Wewe huna. Wewe ni negatifu."

"Ni ugonjwa?"

"Hapana. Unaweza kuzeeka bila kujua. Shida inakuja ukibeba mtoto aliyechukua ile alama kwa baba yake." Aligeukia Ilyasi, kisha akarudi kwake. "Zaina aliichukua. Siku unamzaa, damu yake kidogo iliingia kwako. Mwili wako ukaona kitu usichokijua, ukadhani ni ugonjwa, ukatengeneza kinga. Zaina alikuwa ameshatoka, haikumpata. Lakini kinga haisahau. Ndiyo maana ukiugua surua mara moja huugui tena. Alipokuja mtoto wa pili na alama ileile, kinga ilikuwa tayari. Ilipita kwenye kondo la nyuma, ikaingia kwake, ikavunja chembe zake. Zikivunjika zinaacha rangi ya manjano. Kwa yule wa tatu ilikuwa na nguvu zaidi. Damu ilipungua mno, moyo ukashindwa, ndiyo akavimba."

Umulisa alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo ni mwili wangu uliowaua."

Silvère alikuwa amejiandaa kubishiwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwili wako ulifanya kazi yake, mama. Kinga hiyo ndiyo inakupigania ukipata homa. Haijui huyu ni mtoto. Hakuna aliyekosa hapa. Si wewe, si bwana yako."

"Wala mtu aliyeniletea uji?"

"Uji gani?"

Akamsimulia. Silvère alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Uji ulikushibisha. Basi."

Umulisa alianza kulia. Ilyasi alidhani ni huzuni, na huzuni ilikuwamo, lakini baadaye alimwambia mumewe kwamba alipokuwa pale kitini kifua chake kilifunguka. Kwa miaka minne alikuwa anakula kwa hofu, anafunika maji, anakagua kizingiti kila asubuhi. Sasa aliambiwa kwamba hakuna mkono wa mtu uliowahi kumnyemelea. Na hapohapo akakumbuka lile karai na watu waliokuwa wakimtazama, uso ukamwaka kwa aibu.

"Na huyu wa sasa?" Ilyasi aliuliza.

"Inategemea wewe," alisema Silvère. "Kila mtu anapewa mara mbili, mara moja na baba, mara moja na mama. Kama wewe ulipewa alama na wote wawili, kila mtoto wako ataichukua. Kama ulipewa na mmoja tu, nusu ya watoto wanaweza kutoka kama mama yao, na kinga haitawagusa. Mimi hapa sina kifaa cha kukutazama ndani hivyo. Mama yako yuko hai?"

Bi Mwamini alikubali kuja kwa sababu aliambiwa ni kwa ajili ya mjukuu. Alikaa kwenye benchi la maabara amenyooka, akatoa mkono bila kukunja uso. Silvère hakuwarudisha nyumbani wakasubiri. Alidondosha matone ya damu kwenye kioo, akaongeza dawa, akakizungusha taratibu mbele ya dirisha. Kando aliweka damu ya Ilyasi ili waone wenyewe. Ya Ilyasi ilikatika vidonge vidonge kama maziwa yaliyoharibika. Ya Bi Mwamini ilibaki laini.

"Negatifu!" Silvère alisema, akacheka kwa furaha. "Bibi, umetuletea habari nzuri. Wewe hukuwa na alama ya kumpa. Ilyasi aliipata kwa baba yake peke yake. Huyu mtoto ana nafasi, nusu kwa nusu."

Umulisa akamshika mumewe mkono. Silvère alikuwa bado anatabasamu alipouliza, kama mtu anayejaza fomu, "Baada ya Ilyasi ulizaa tena, bibi?"

"Watatu."

"Wazima?"

Bi Mwamini alikikodolea macho kile kioo. Tabasamu la Silvère likapotea. Aliuliza tena, pole pole safari hii, kama walikuwa manjano.

"Kama bizari," alisema Bi Mwamini. Akainuka, akavuta mtandio wake, akatoka.

Siku tano aliswali, alikula kidogo, alikaa uani akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Siku ya sita alimwita Umulisa.

"Nirudie maneno ya yule wa maabara. Yote."

Umulisa akamrudia. Alipomaliza, akaambiwa aanze tena. Mara ya tatu Bi Mwamini alimkatiza.

"Miaka thelathini," alisema. "Nilimfukuzisha mtu na watoto wanne, wa mwisho ananyonya. Nilikuwa na hakika, mwanangu. Ningeapa msikitini."

"Na mimi nilimtukana mbele ya watu, Mama."

"Wewe ulisema nililokufundisha."

Wakatoka pamoja, palepale, Bi Mwamini amevaa kandambili za nyumbani. Gahongayire alikuwa anageuza maandazi. Alipowaona aliweka mwiko chini, akawa kama anayesubiri kupigwa.

Bi Mwamini hakuwa mtu wa kuomba radhi, na hakujua pa kuanzia. Alianza na damu. Alichanganya maneno, akasema alama ilikuwa kwa watoto na kinga ilikuwa kwa marehemu mume wao, Umulisa akamsahihisha, akaendelea. Mwisho akasema, "Watoto wangu hukuwagusa. Nimekuja kusema hivyo. Nitawaambia na watu wote."

Mafuta yalianza kutoa moshi. Gahongayire aliliteremsha karai.

"Nilijua sikuwagusa," alisema. "Mwanzoni nilijua. Baadaye, kusemwa kulipozidi, nilianza kuitazama mikono yangu. Nikasema, labda nina kitu na mimi sijui. Wajukuu zangu wote, Mwamini, sikumbeba hata mmoja alipokuwa mchanga. Niliogopa."

Bi Mwamini alikaa chini, juu ya gunia la makaa, akajifunika uso.

"Mama mdogo, nisamehe," Umulisa alisema.

"Nimesikia. Nendeni sasa. Nipeni siku kadhaa."

Walikwenda. Bi Mwamini alitimiza ahadi. Alilisema jambo lile kwenye shughuli za wanawake, dukani, hata kwa watu ambao hawakuwa wamewahi kusikia kisa chenyewe. Wengine waliamini, wengine waliguna.

Kila wiki tatu Umulisa alikwenda kwa Silvère, naye alipima kinga iliyokuwamo katika damu yake. Kama mtoto angekuwa na alama, ingepanda. Mimba ilipofika mwezi wa sita haikupanda. Wa saba haikupanda.

"Nisiseme kitu mapema," Silvère alisema, lakini alishindwa kuficha furaha usoni.

Hata hivyo alijiandaa kwa mabaya. Mtoto akitoka na alama, angehitaji kubadilishwa damu haraka, na damu isiyo na alama ilikuwa adimu, tena vita vilikuwa vinaimaliza akiba ya hospitali. Silvère alikuwa na daftari lenye majina kumi na moja ya watu wenye damu hiyo. Mmoja wao alikuwa Léonidas, dereva wa basi la Butare, ambaye alipatikana kituo cha mabasi cha Nyabugogo siku zote isipokuwa akiwa njiani. Umulisa aliposhikwa na uchungu, asubuhi moja ya Novemba, Léonidas alimwachia mwenzake basi na kuja hospitali na kofia yake mkononi.

"Nimekunywa chai vikombe vitatu," alimwambia Ilyasi ukumbini. "Tanki limejaa. Wachukue tu."

Mtoto alizaliwa saa nne na nusu. Alikuwa wa kike, alilia, na hakuwa amevimba. Mkunga alikinga damu ya kitovu kwenye kichupa, Silvère akaipokea mlangoni akaenda nayo karibu kukimbia. Bi Mwamini alibaki amesimama, tasbihi haisogei vidoleni. Ilyasi alihesabu vigae vya sakafu. Léonidas alikunja mkono wa shati, akaukunjua, akaukunja tena.

Silvère alirudi na kile kioo chenyewe. Aliwaonyesha tu. Damu ilikuwa imetandaa laini.

"Nimerudia mara mbili," alisema. "Na kipimo cha kutafuta kinga kwake nimefanya. Kinga ya mama haijashika hata chembe moja. Huyu amemfuata mama yake."

Ilyasi, ambaye hajawahi kuonekana akikumbatia mtu hadharani, alimkumbatia Silvère, kioo na vyote. Bi Mwamini alisema "Alhamdulillahi" mpaka sauti ikamwisha. Léonidas alitazama mkono wake wenye mishipa imesimama.

"Kwa hiyo mimi hamnihitaji?"

"Leo hapana, kaka."

"Sijawahi kukataliwa nikafurahi hivi," alisema, akacheka mpaka akatoa machozi. Alikwenda dirishani akamtazama mtoto, kisha akawahi Nyabugogo.

Umulisa alipoletewa habari aliuliza jambo moja tu: macho. Mkunga akamfungulia mtoto jicho kwa kidole. Lilikuwa jeupe. Aliomba aonyeshwe tena baada ya saa moja, na jioni, na kesho yake, na kila mara lilikuwa jeupe. Siku ya nne, siku aliyoiogopa kuliko zote, mtoto alinyonya mpaka akapaliwa, akamtapikia mama yake begani, na Umulisa akacheka peke yake wodini.

Siku hiyo Gahongayire alikuja. Hakuwa ameahidi. Alisimama mlangoni na kikapu, asiingie wala asiondoke. Bi Mwamini alimwona, akamchukua mtoto kitandani, akamfuata na kumweka mikononi mwake bila kumwuliza kama anataka.

"Mshike kichwa," alisema.

"Najua kushika mtoto, Mwamini. Nimezaa wanne."

Lakini alikaa upesi kwenye ukingo wa kitanda. Mtoto alipiga miayo, akageuza uso kwenye kifua chake, akalala. Gahongayire alimtazama muda mrefu. Umulisa alimsogezea mto wa kuegemeza kiwiko.

Ilyasi alikuja adhuhuri na nguo alizoshona mwenyewe, akataka kujua kama mtoto mwingine siku za mbele naye angeweza kutoka salama. Silvère, aliyekuwa amepita kuwaaga, alimwambia ukweli kwamba kila mara ni nusu kwa nusu, na kinga haitasahau.

"Basi hawa wawili wanatutosha," Umulisa alisema, na Ilyasi akaitikia kwa kichwa.

Walipogeuka kumtafuta Bi Mwamini ili wapange safari ya kurudi nyumbani, walimkuta kwenye benchi la ukutani amelala, mdomo wazi, mtandio umemwangukia mabegani, katikati ya makelele yote ya wodi ya mchana. Muuguzi alikuja kumwamsha akisema benchi lile ni la wagonjwa.

"Mwacheni," Gahongayire alisema kwa sauti ya chini, mtoto bado yuko mikononi mwake. "Amechoka. Mwacheni alale kwanza."