Okidi Mbili za Mama

Mama alipohamia nyumba ndogo isiyopata jua, aliing'oa okidi yake kubwa chunguni, akaikata kati kwa kisu cha jikoni. Nusu akampa bintiye, fundi cherehani. Nusu nyingine akampa mkwewe, nesi. Mawifi hao waliishi jengo moja, fundi ghorofa ya kwanza, nesi na mumewe ya tatu.

Miaka mitatu ikapita. Kila baridi ilipoanza kulegea, okidi ya nesi ilijaa maua meupe yenye koo la zambarau. Ya fundi ilitoa majani tu, na kwenye vifundo vya mashina vikaota vimiche vyenye mizizi inayoning'inia. Na hakuna alichoinyima! Aliiweka jikoni ipate joto, akaimwagilia kila asubuhi kabla hata hajanywa chai.

"Mkwe wangu ana mkono wa maua," Mama aliwaambia wageni, fundi akiwa amekaa pale pale. "Huyu wangu mkono wake ni wa nguo."

Wageni wakacheka. Fundi naye akajichekesha.

Aliwahi kumwuliza wifi yake siri ya maua yale. "Bahati tu, wifi," nesi alijibu, akageuza mazungumzo.

Hilo "bahati tu" lilimkereketa fundi kwa miezi. Akaanza kumtia wifi yake kasoro: anavyocheka, anavyofunga mlango taratibu, viatu vyake vyeupe visivyochafuka hata siku za matope. Pini zikiwa mdomoni, alimwambia mteja kwamba kuna watu wamezaliwa kupendwa bure.

Baridi ya nne, nesi akapelekwa mafunzoni mji mwingine kwa wiki saba. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini kama kawaida. Nesi akamletea fundi ufunguo.

"Okidi iache hapo roshani, kwenye jua. Usiimwagilie, wifi. Hata ikikunjamana."

"Wiki saba bila maji? Na baridi hii?"

"Iache tu. Ikisinyaa sana, inyunyizie kidogo mara moja."

Fundi alipanda ngazi siku hiyo hiyo, roho inamchemka. Anataka inifie mikononi, aliwaza, Mama apate la kusema. Akaitazama okidi ya wifi, mashina yake manene, akapiga moyo konde. Kama ni kufa, na ife ile isiyochanua. Akapandisha ya kwake, akazibadilisha vyungu, akaondoka na ya nesi hadi jikoni kwake. Akaipa joto, akaipa maji.

Kila baada ya siku chache alipanda kuangalia. Kule roshani okidi yake ilipukutisha majani ya manjano, mashina yakaingia mikunjo. Aliionea huruma, akaona raha pia, na raha hiyo ikamtia haya.

Wiki ya sita, ile ya jikoni ikavimba kwenye vifundo. Fundi aliimba kutwa nzima mbele ya cherehani. Lakini uvimbe ulirefuka, ukachongoka, ukawa majani. Siku chache baadaye ikatoka mizizi. Vimiche vile vile.

Akapanda ghorofa ya tatu mbio. Kwenye yale mashina makavu yaliyokunjamana, kila kifundo kilikuwa na vitumba viwili vya mviringo, kimoja kimeshaanza kupasuka weupe.

Hakufikiri. Akakumbatia chungu, akaanza kushuka. Ghorofa ya pili akakutana uso kwa uso na nesi, begi mkononi, amerudi siku mbili mapema.

"Unaipeleka wapi okidi yangu?"

"Si yako," fundi akasema. "Yako iko jikoni kwangu. Nilizibadilisha. Nilidhani unataka inifie."

Nesi akaweka begi chini, akakaa kwenye ngazi.

"Nilipokwambia bahati, nilikudanganya," nesi akasema. "Wakati wa baridi inataka ikae na kiu, kwenye ubaridi na mwanga mwingi. Ndipo ichanue. Ukiipa maji na joto, inazaa miche. Nilijua tangu mwaka wa kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama hajawahi kunisifia kitu kingine, wifi. Mchuzi wangu una chumvi, zamu zangu za hospitali ni nyingi mno, sijui kukaa na wageni. Maua tu. Wewe ni bintiye, hata usipochanuza chochote. Mimi nilikuwa nakuonea wivu."

Haikuwahi kumpitia fundi kichwani kwamba mtu angemwonea wivu yeye.

Ile yenye vitumba ikabaki kwa fundi, kwa kuwa ilikuwa yake. Nesi akarudishiwa ya kwake pamoja na vimiche vyake. Mama alipokuja Jumapili, akakuta maua dirishani mwa bintiye, akapiga makofi.

"Nani kakufundisha?"

"Wifi," fundi akasema, kama anayeng'olewa jino.

Nesi, aliyekuwa ameshuka kunywa chai, akainamia kikombe chake. Mama akamshika mkono, akakaa nao mazungumzo yote bila kuuachia. Fundi akamimina chai, akautazama mkono ule, na roho ikamuuma tena, ingawa safari hii alijua inamuuma nini.