Nyama ya Kesho Yake

Kwa kina Dorotea, pale Nyasura, nyama ililiwa kesho yake. Baba yao, Mzee Werema, akimpiga mkewe jioni, asubuhi alitoka na baiskeli akarudi na kilo moja imefungwa kwa jani la mgomba. Hakuomba radhi. Mama aliipika, jicho limevimba, na watoto wakala.

Kwa hiyo Mseti, kijana aliyekuwa na uhusiano naye, alipomzaba Dorotea kofi la kwanza, nyuma ya ghala la pamba, kisa amecheka na mvulana wa darasa lake, Dorotea hakushangaa. Alingoja kesho yake. Mseti akaja na mche wa sabuni. Mwaka huo maduka yalikuwa matupu, watu walifulia majani ya mpapai, na Mseti alivusha bidhaa kutoka Kenya kwa njia za porini.

Safari iliyofuata alimpasua mdomo. Akaleta sukari mwenyewe hadi nyumbani, akaketi nao kunywa chai.

Gati, mdogo wake Dorotea, alilamba kidole. "Dada, mwambie akupigage na Jumapili. Tunywage chai ya sukari."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto ana akili!"

Mama hakucheka. Dorotea alijaribu, kidonda kikafunguka.

"Mzee," Mseti akadakia, "Jumamosi namchukua. Nina chumba Sirari, mpakani. Shule ya nini siku hizi? Hata walimu wanauza maandazi."

"Chukua. Ng'ombe utaleta pole pole."

Dorotea, mwenye miaka kumi na sita, hakuulizwa. Na angeulizwa, angesema nini? Hakuwa amewahi kuona mapenzi ya namna nyingine.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafunga nguo zake Mama alipoingia, akazifungua.

"Nenda Butiama kwa shangazi yako Marcelina. Yule hamwogopi kaka yake."

"Mama, mbona Mseti ananijali?"

"Na mimi baba yako ananijali. Nitazame."

Dorotea alimtazama. Uso ule alikuwa akiukwepa miaka yote.

"Nitasema umeenda kisimani," Mama akasema, akimpa ndoo.

"Wakijua?"

"Watajua tu. Nenda, mwanangu."

Baba na Mseti walikuwa mlangoni wanakunywa chai.

"Usikawie, mchumba," Mseti akatania. "Ukikawia nakufuata na fimbo."

"Fimbo ipo, mkwe," Baba akasema. Wakacheka wote wawili.

Dorotea akapita kisimani bila kusimama, akaitupa ndoo kwenye vichaka vya katani. Hajafika barabarani, akasikia Baba anafoka, "Yuko wapi? Nakuuliza, yuko wapi?" Kisha Mama akapiga yowe, na Gati akaanza kulia.

Akasimama. Akirudi sasa hivi, Baba ataacha kumpiga Mama. Ataacha kwa leo tu. Na yeye atalala Sirari.

Yowe la pili likaja. Dorotea akaziba masikio kwa mikono yote miwili, akaenda.