Upinde wa Ziyad Usiguswe

Ijumaa baada ya alasiri, ndani ya gereji ya nyumba yao mjini Manassas, Marekani, Mwatime aliuwekea mkono upinde wa marehemu mwanawe akasema neno moja ambalo alikuja kulijutia.

"Usiguswe. Si spana, si bisibisi. Utaupiga vile vile alivyouacha Ziyad."

Aliyeambiwa ni Jabali, mwenzake Ziyad wa kuwinda. Jabali ni mzaliwa wa huku huku Marekani, mkaazi wa Woodbridge. Alisilimu ukubwani, na Kiswahili alikisomea darasani. Mrefu huyo! Akiingia mlangoni huinama.

"Mama mpendwa, naomba ruhusa nieleze jambo."

"Wee nawe! Unasema kama msoma taarifa ya habari. Haya, eleza."

Jabali alitundika karatasi kwenye fremu ya mbao, nyuma yake akaweka gunia la matambara. Akarudi hatua tatu, akavuta, akaachia. Mshale ulipita. Lakini karatasi haikutoboka tundu la mviringo. Ilichanika mchano mrefu wa kwenda kando, kama mdomo wa mtu anayelia.

"Karatasi haidanganyi, Mama. Mshale unakwenda kiubavu."

"Piga tena."

Akapiga tena. Mchano ule ule.

Upinde wa kisasa ule, wa magurudumu mawili na kamba zinazopishana, ni kama kanzu. Hukatwa kwa kipimo cha mwenyewe. Ziyad alikuwa mfupi, na mwezi wa nane alishinda gerejini siku tatu akiulinganisha na mikono yake. Kwenye kamba alifunga kijitundu cha kuchungulia, kikae penye jicho lake hasa.

"Nikiuvuta," alisema Jabali, "najikunja kama mtu mzima aliyekalia kiti cha mtoto. Nibadilishe kipande kwenye magurudumu, nihamishe kijitundu, nilegeze bolti kidogo kupunguza nguvu ya mvuto, ili mishale ile ile initii. Saa moja tu."

Mwatime alimtazama. "Kitendawili."

"Tega."

"Nikimvuta ananuna, nikimwachia anaua."

"Upinde, Mama."

"Basi unamjua. Kijitundu hicho ni jicho la mwanangu. Ukikitoa, nitabaki na nini? Na nadhiri ni yake, itoke kwa upinde wake."

Nadhiri yenyewe ilikuwa hivi. Wakati wa kiangazi Nadra, mkewe Ziyad, alilazwa na kupasuliwa. Ziyad akaapa: mke wangu akitoka salama, nitawalisha watu wa msikiti nyama niliyoiwinda kwa mkono wangu. Nadra akatoka salama. Ziyad akangoja msimu wa mishale ufunguliwe mwezi wa kumi. Mwezi wa tisa lori likamgonga kwenye barabara ya 95, akafa kabla ya magharibi. Sheikh Abdulghafur aliwaambia warithi wanaweza kumtimizia, bora nyama iwe halali. Hitima ya arobaini ilikuwa Jumapili. Hilo la upinde kutoguswa halikutoka kwa sheikh. Mwatime alilitia mwenyewe.

Jabali hakuweza kubishana na mama aliyefiwa. Jumamosi alfajiri alikwenda shambani kwa Anna, bibi mmoja mkulima nje ya mji, ambaye kulungu walikuwa wakimmalizia kabichi.

Mwatime alishinda jikoni akiloweka mchele na kukaanga vitunguu. Saa nne alisikia gari. Alitoka na upawa mkononi. Jabali alikuwa amesimama nyuma ya gari lake, suruali imelowa hadi kiunoni. Kulungu jike alilazwa ndani, manyoya yanachuruzika maji.

"Alhamdulillahi!" Mwatime alisema, kisha akauona uso wa Jabali.

"Mama, usishukuru bado."

"Ulipiga bismillahi?"

"Nilipiga."

"Ncha iliingia?"

"Alikuwa hatua ishirini, ametulia. Mshale ukayumba ukampata tumboni, ukamchana na kupita. Akakimbia. Nilifuata damu saa nzima. Nilikuwa namsikia vichakani, Mama. Analia kama mtu." Jabali aliufuta uso kwa kiganja. "Nilimkuta kijitoni, kichwa ki ndani ya maji."

"Akipumua?"

"Hapana. Sikuwahi kumchinja."

"Alikufa kwa mshale au kwa maji?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Pazia la dirisha lilisogea. Nadra alikuwa kwenye eda, hatoki, lakini masikio hayakai eda. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "tupike tu. Watu wameshaalikwa. Nani atajua?"

Mwatime alimsogelea kulungu yule. Moyoni alimwona mwanawe amefungwa na nadhiri yake mwenyewe. Kisha akawaona wazee wa msikiti wakinyoosha mikono kwenye sinia. Ulimi wake ulishafika kwenye "haya, mteremshe." Akaumeza.

"Mnyama aliyekufa kwa shaka hatumlishi mtu. Ziyad nadhiri yake ilikuwa ya halali." Akamgeukia Jabali. "Si wewe. Karatasi ilisema, nami niliona. Mnyama ameteswa kwa sababu yangu."

Jabali alichimba shimo shambani kwa Anna akamfukia. Jumapili watu walisoma, wakala pilau ya kuku, wakasifu. Kila aliyemwambia Mwatime "Mungu akutakabalie" alimchoma, kwani mama alijua ile si nadhiri, ni chakula tu.

Jumatatu Jabali alikuja kuurudisha upinde.

"Mama, sijui kama naweza tena. Nikifumba macho namsikia."

"Hata mimi namsikia, na sikuwepo." Mwatime aliuchukua upinde akaulaza juu ya meza ya gerejini. "Lakini utakwenda, baba. Jumamosi hii ikishindikana, ile nyingine. Ila hutakwenda na kipimo cha maiti. Lete spana."

"Una hakika?"

"Usiniulize mara mbili, nitasema la."

Jabali akatoa kwanza kijitundu. Alikata uzi kwa wembe, nyuzi zikadondoka sakafuni, fupi, nyeusi. Akauliza kama azihifadhi. Mwatime akatikisa kichwa kukataa. Kisha Jabali akaja kwenye bolti. Upinde ulikuwa ukiteleza, basi Mwatime akaushika kwa mikono miwili, akaubana kifuani. Chuma kilikuwa baridi. Kila mzunguko wa spana alilitaja jina la mwanawe kimoyomoyo, na mizunguko ikaisha kabla hajashiba kulitaja.