Kalenda Kumi na Tisa kwenye Msumari Mmoja

Usiku wa kuamkia leo niliota kalenda zangu zimeitisha mkutano wa hadhara, na ajenda ni moja tu: mimi.

Nizieleze kwanza hizo kalenda. Kwenye kota zetu, zile za zamani za kiwanda cha pamba, mtu hatupi kalenda iliyokwisha. Anatundika mpya juu ya ya zamani, kwenye msumari uleule. Mimi ninazo kumi na tisa. Kila tarehe thelathini na moja Desemba naichukua ile mpya, naandika maazimio yangu ya mwaka upande wa nyuma kwa sababu ndiko kweupe, halafu naitundika, picha ikiangalia chumba na maazimio yakiangalia ukuta. Sikuwahi kuona kasoro katika utaratibu huo.

Katika ndoto, mwenyekiti ni msumari. Amejinyoosha, ana kofia ya kutu. Kalenda zimekaa sakafuni kwa kufuata miaka, na ile ya kwanza imewekwa mbele kabisa kwa sababu haisikii vizuri.

Nasimama kuuliza kama akidi imetimia. Mimi ni mtu wa mikutano. Mwenyekiti wetu wa mtaa nimemvunjia vikao vinne kwa kukosa akidi, na tarehe zote nne ninazo kichwani.

"Imetimia," anasema msumari. "Kaa chini, Nkwabi. Leo wewe si mwananchi. Leo wewe ni kiongozi aliyeahidi."

Sijatukanwa hivyo tangu nizaliwe. Nakaa.

Shahidi wa kwanza ni ukuta. Unakohoa, chokaa inadondoka. Unasema kwa miaka kumi na tisa umekuwa msomaji pekee wa maandishi yangu, na kwamba mwandiko wangu umekuwa ukiharibika mwaka hadi mwaka, lakini unaelewa, mambo ni mengi. Kisha unaanza kusoma. Mwaka wa tatu: nitaacha sigara. Kalenda zinanong'onezana, zinakubali kwamba hilo nilitimiza. Mwaka wa saba: nitakimbia kila asubuhi.

Hapo mlango unafunguliwa, wanaingia viatu vyangu vya mazoezi. Wanahema, wamelowa jasho mpaka kwenye kamba.

"Sisi tulikimbia," anasema wa kushoto. "Kila asubuhi. Yeye ndiye hakutokea."

Nauliza walikuwa wakikimbilia wapi, maana kweli nataka kujua. Wa kulia ananijibu kwamba walikuwa wanafika mpaka stesheni na kurudi, na kwamba stesheni nako wananiulizia.

Ukuta unaendelea. Unasoma mwaka wa nane, wa tisa, wa kumi. Maazimio yanabadilika, ila la mwisho ni lilelile kila mwaka, na ukuta unalisoma bila kupandisha wala kushusha sauti: nitamfundisha dada Milembe kusoma. Mara kumi na tisa. Kufika ya kumi na tano, kalenda zinaitikia pamoja kama kwaya.

Huyu Milembe ndiye dada yangu mkubwa, tunapakana ukuta kwa ukuta, anauza vitumbua. Mimi sikupelekwa shule. Kusoma nilijifunza mwenyewe, nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye vipande vya magazeti ambavyo dada alikuwa akifungia wateja. Kila jioni alinitengea vile ambavyo havijaingia mafuta. Hakujua vimeandikwa nini. Alichagua vyenye maneno mengi kwa kuangalia weusi wa karatasi.

Nafumba macho, nafumbua, chumba hakipo. Tumo ndani ya kiwanda, upande wa kupokelea pamba, na kiwanda kilifungwa zamani. Mizani imesimama katikati. Karani wa mizani ni kitumbua kikubwa chenye miwani. Karatasi anazozishika zinapenya mwanga kwa mafuta, kwa hiyo anasoma mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

"Wewe ulihudhuria semina ya malengo," ananiambia.

Nakiri. Alikuja bwana mmoja kutoka mjini, shati jeupe, akatufundisha siku nzima kwamba lengo lazima lipimike, ligawanywe vipande vidogo, na litangazwe kwa watu ili likubane. Kisha akala chakula chetu akaondoka na ubao aliokuja nao. Tarehe ninayo.

"Tufuate alivyosema," karani anasema.

Wapagazi wanne wanalivuta lengo langu kwa kamba. Ni kubwa kama robota la pamba, limefungwa vizuri, lina vumbi. Wanalipandisha kwenye mizani. Mshale hautikisiki. Karani anaigonga mizani kwa kidole, anapanda yeye mwenyewe, mshale unaruka. Anashuka. Mizani ni nzima.

Hatua ya pili wanaligawanya. Wanalikata kwa kisu cha mkonge, na ndani hamna pamba. Mna herufi. Zinatoka zikijinyoosha kama watu walioshuka safari ndefu. Herufi a ananisalimia kwa jina. Nauliza wamekula nini miaka yote humo ndani. O anasema walikuwa wakisubiri tu, na kwamba kusubiri si chakula lakini ukizoea kunashibisha kidogo.

Karani anageukia hatua ya tatu. "Lengo hili ulimtangazia nani?"

"Niliandika."

"Sikuulizi uliandika. Ulimwambia nani?"

Mwenyekiti wa mtaa nilimwambia kwamba ni mwongo. Diwani nilimwambia. Bwana wa semina nilimwandikia barua ya kurasa sita. Milembe sikumwambia kitu. Mwenyekiti wetu angalau alipanda jukwaani akaahidi kisima, watu wakasikia, tukajua cha kumdai. Mimi niliahidi kwa ukuta.

Najitetea. Nasema nina kazi ya kukumbuka, na nisipokumbuka mimi, nani atakumbuka? Hapo kumbukumbu yangu inaletwa. Ni kabati la chuma lenye droo nyingi, na kila droo ina kibandiko. Kisima, Agosti. Zahanati, Machi. Stahili zetu za kiwanda, droo tisa. Zote zimejaa, zimepangwa, najisikia fahari. Karani anavuta droo ya chini kabisa, yenye jina langu. Ndani kuna mende mmoja amelala chali.

"Mimi mpangaji tu," anasema mende. "Mwenye nyumba sijawahi kumwona."

Msumari anasimama kutoa uamuzi. Herufi zote ninazozijua zilitoka kwenye karatasi za vitumbua. Dada alizitenga, mimi nikazitumia, hakuna ubaya. Lakini zimekaa kwangu miaka mingi bila kumfikia, kwa hiyo kuanzia sasa zinahamia kwake, isipokuwa nikimwambia ahadi yangu.

Zinaanza kuondoka. Naangalia vibandiko vya kabati: Kisima inakuwa Ki ima, halafu i i a, halafu hakuna. Droo zinabaki nyeupe moja baada ya nyingine. Miaka yote ya hasira yangu inafutika mbele ya macho yangu. Ninachoshangaa ni kwamba siogopi kuisahau zahanati. Naogopa kwamba kesho dada atanitengea karatasi kavu kama zamani, na mimi nitaipokea nikiwa kama yeye, na sote wawili tutaitazama.

Milembe anaingia akiwa na karai lake la kukaangia. Herufi zinamfuata miguuni kama vifaranga. Anaitazama kalenda ya mwisho, ambayo sasa imegeuka na kuonyesha mgongo.

"Nkwabi," anasema, "hapa pameandikwa nini?"

Nataka kumsomea, lakini maneno yameshaondoka, pamebaki mistari mitupu. Namwambia nilichoandika ninakijua bila kusoma. Anasubiri. Ulimi unakuwa mzito kama robota. Mimi, niliyehutubia mbele ya polisi.

"Kila mwaka nakusikia kupitia ukutani," anasema. "Kalamu inakwaruza, halafu msumari unagongwa. Nikadhani ni mambo ya mikutano yako. Mtu mwenye mambo makubwa hivyo, nitamsumbua na herufi?"

Anainama, anaokota M kubwa, ambaye miguu yake mirefu ilimchelewesha kuondoka. Anampangusa vumbi kwa kiganja. "Huyu simjui," anasema, "lakini namwona kila mahali. Nadhani ananitafuta." Anamfunga kwenye pindo la khanga yake, anakaza fundo, anaondoka. Nami nafungua mdomo kumwita.

Niliamka mdomo ukiwa wazi.

Asubuhi ilikuwa imeshaingia, tarehe kumi na mbili Januari. Kalenda zote zilikuwa mahali pake, msumari umenyamaza kama kiongozi aliyeulizwa swali. Nilijiambia ni ndoto. Hata hivyo nikaishusha ile ya juu, nikaigeuza.

Mwandiko ni wangu, kalamu yangu ya bluu. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi: nitamfundisha dada ilembe kusoma. Sikuona palipofutwa wala palipokwaruzwa. Nafasi ya ile herufi ilikuwepo, tupu, na karatasi mahali pale ilikuwa inapenya mwanga kidogo, kama imeguswa na kidole chenye mafuta.

Nilitoka na kalenda mkononi, sikuvaa hata viatu. Vyenyewe vilikuwa mlangoni, sikuvitazama sana.

Dada alikuwa nje kwake, anamimina unga uliokorogwa kwenye karai. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka, akanionyesha kipande cha gazeti alichokuwa amenitengea chini ya jiwe. Kilikuwa kikavu. Kwenye pindo la khanga yake kulikuwa na fundo.

"Dada, hapo umefunga nini?"

Akalitazama. "Sijui. Nimeamka nimelikuta. Sikumbuki kufunga kitu." Akalibinya. "Kidogo, kigumu. Kina miguu."

Nilikuwa na hotuba. Niliipanga njiani, hatua kumi kutoka mlango wangu hadi wake, ilianza na mwaka wa kwanza na ilikuwa na tarehe zote. Nikaiacha.

"Dada, nataka nikufundishe kusoma."

Alivigeuza vitumbua vyote, kimoja kimoja.

"Mwaka huu?"

"Sasa hivi."

Akakivuta kigoda chake cha pili kwa mguu, akanisogezea. Kisha akaipeleka pembe ya khanga mdomoni na kuanza kulifungua lile fundo kwa meno.